Ukuta wa Matundu

Ofisi ya serikali ya wilaya yetu ilikuwa na ukuta mrefu wa matofali ya matundu, simiti tupu, uliozunguka baraza lote. Aliyeuchora alilijua jua la Kitui. Upepo ulipita humo siku nzima na hakuna aliyeulizia feni.

Sisi tuliotoka mbali tulikuwa na utaratibu wetu. Nilipokuwa mtoto, Mama alinileta kwa lori la mbuzi kutoka Tseikuru, na kabla ya kumsalimia mtu, aliweka chupa yake ya maji kwenye tundu. Tundu la karibu na mlango lilikuwa la mtu wa kwanza, linalofuata la wa pili. Baada ya hapo uliketi kivulini, maji yakipoa, na hakuna aliyethubutu kukuruka.

Mwaka jana waliubomoa. Eti ni wa kizamani. Kizamani! Kwani jua limebadilika? Wakaweka vioo vya buluu visivyofunguka. Nilienda kulalamika kwamba ule ukuta ni historia yetu, afisa akanicheka usoni: "Mama, hiyo ni simiti tu."

Wiki iliyopita nilirudi kuchukua cheti. Watu walikuwa kwenye foleni juani, wakisukumana na kutukanana. Ndani, afisa yule yule alilowa jasho, akijipepea na faili yangu. Akaniomba niuzuie mlango usijifunge, kwa jiwe lililokuwa hapo kizingitini, angalau hewa iingie. Niliinama kuliokota. Lilikuwa kipande cha ukuta wetu, na tundu lake bado zima.