Gauni la Sherehe ya Kijiji

Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga chumba mjini La Rochelle kwa mama mmoja mzee, Mjerumani, na cherehani yangu niliiweka barazani kwake. Siku moja alinionyesha picha ya wanawake wa kijiji alikozaliwa, wamevaa magauni meusi na aproni za buluu. Kengele ya kanisa lao, alisema, iliyeyushwa wakati wa vita ili kutengeneza silaha, na wanaume karibu wote walikuwa wazimamoto wa kujitolea. Sasa kijiji kilikuwa kinasherehekea kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, naye mama alitaka kwenda amevaa kama wale wanawake wa pichani.

Nilimshonea kwa wiki mbili. Marinda ya aproni yalinisumbua, nikayafumua mara tatu.

Aliporudi nilimuuliza, "Mama, walikupokea vipi?"

"Vizuri. Waliniketisha na wageni."

Wenyeji walivaa jinzi, alisema. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyelishika gauni na kuuliza lilinunuliwa wapi.

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba limeshonwa na fundi wangu, mtu wa Lubumbashi. Akaomba namba yako."

Kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshatuma magauni manne kijijini kwao kwa posta.