Tanzania Iliyokuwa Muyinga

Juma lililopita tulimzika kule Muyinga mama mmoja fundi wa nguo ambaye wengi wenu mliowahi kupita mtaa wa Magarama hapa Gitega kabla hajaondoka mtamkumbuka kwa mikono yake na kwa ulimi wake. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka la vitenge, na mtu akileta kitambaa kifupi akitaka gauni refu, alimwambia miujiza inaombwa msikitini, si kwake. Aliugua siku chache tu, akatutoka. Nimerudi Gitega na huzuni, lakini nisiwadanganye wasomaji wangu: kilichonijaa zaidi ni kinyaa, na leo nitakitapika hapa.

Ndoa yake ilivunjikia hapa Gitega. Talaka ikatolewa, akarudi kwa mama yake kule Muyinga. Hayo hutokea, sina neno nayo. Binti yao wa pekee akabaki kwa baba, na shangazi mtu akahamia kumlea. Mtoto alipouliza mama yuko wapi, watu wazima wenye ndevu na mitandio walikaa kikao kizima, wakatoka na jibu moja: mama amekwenda Tanzania, atarudi. Jibu hilo mnalijua. Sisi tuliokulia kule ukimbizini na kurudi Burundi na Kiswahili chetu, tumeifanya nchi ya watu kuwa ghala la kila tusilotaka kulisema. Mume kamkimbia mkewe, yuko Tanzania. Kijana kafungwa, yuko Tanzania. Mtoto anaamini, kwa sababu kila nyumba hapa ina mtu aliyekwenda huko kweli na akarudi kweli.

Nilimwuliza shangazi yule dukani kwake kwa nini wasimwambie mtoto ukweli. Alikuwa akipima mchele, hakuinua hata macho. "We, mtoto anaelewa nini mambo ya talaka? Atalia tu, na masomo itamshinda. Muache, akikua baba yake atamuambia." Nikamwambia mbona analia tayari. "Analia kidogo. Atazoea," akasema, akageukia mteja mwingine. Atazoea! Nilitoka pale nikitema mate.

Mama mwenyewe alikuwa ametishwa: akionekana tu Gitega, mtoto hatamwona tena maishani. Akashika ahadi kwamba binti akikua ataletwa. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa alishona sare, akaituma kwa mtu anayekuja huku, na nyumbani mtoto akaambiwa ameshonewa na shangazi, mwanamke asiyeweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Siku moja nilipita Muyinga kwa shughuli zangu, akaniita nisimame mbele yake. "Amefika wapi sasa?" Nikamwonyesha kifuani pangu. Akashika futi yake, akapima kutoka kifuani pangu hadi chini, akacheka peke yake. "Iko mrefu kama baba yake. Nitaacha upindo mukubwa, mi naogopa kukosea." Kisha akaniuliza kama mtoto bado anakula kwa mkono wa kushoto.

Alipougua akaomba aletewe mwanawe. Jibu likaja kwamba yuko kwenye mitihani. Alipokufa ndipo gari la kukodi lilipopatikana, na mafuta yakapatikana, haya haya mafuta tunayoyapangia foleni. Walifika tukiwa tumekwisha kurudi kutoka makaburini. Binti akashuka akiwa amevaa sare, maana ndiyo nguo yake nzuri, na upindo wa chini ulikuwa mkubwa kama mama alivyosema. Akatazama barabara, akatazama wanawake waliokaa kwenye mikeka, akamwuliza bibi aliyemshika mkono, "Donc, kumbe Tanzania ndiyo hapa?" Bibi, mama wa marehemu, akamwambia hapana mjukuu wangu, hapa ni Muyinga, na mama yako amekaa nyumba hii siku zote. Mtoto akasema, "Mi nilijua iko mbali. Asubuhi tu tumetoka, na tumefika. Ningekuja." Shangazi akamvuta mkono. "Nyamaza we, watu wana kilio."

Sijui kama mwili wangu umewahi kusisimka kwa kuchukia namna ile. Wewe uliyeachana na mwenzako, na wewe ndugu unayejifanya unamlinda mtoto, hebu mketishe umwambie: baba na mama hawakai tena pamoja, kosa si lako, mama yuko Muyinga, nyumba yake tunaijua, Jumamosi nitakupeleka. Atalia, ndiyo. Mwache alie, kisha mpandishe gari, wakati ndani ya nyumba ile bado yupo wa kumfungulia mlango.