Karatasi Tupu ya Ghlana

Saa kumi na moja alfajiri, Tekber mint Sidaha ameshakaa mkekani, miguu kaikunja upande mmoja, bakuli la mti liko mbele ya magoti yake. Ananyunyiza maji kidogo juu ya unga wa ngano, anazungusha viganja, ananyunyiza tena. Punje za kuskusi zinaanza kujitenga.

Nyuma yake mjukuu wake Ghlana, msichana wa miaka kumi na miwili, anasuka nywele zake mwenyewe huku akisoma Kurani kwa moyo. Bibi hamtazami. Mtoto akikosea, kidole cha Tekber kinagonga ukingo wa bakuli mara moja. Ghlana anarudi nyuma maneno mawili matatu, kisha anapita.

"Umelala usingizi gani wewe?" Tekber anamuuliza bila kugeuka. "Juzi hapo ulipita mbio."

"Juzi nilikuwa nimekula, bibi."

"Uji uko jikoni na hauendi popote. Malizia."

Saa moja na nusu Ghlana atabeba mkoba wake na kwenda shule. Ni mwaka wake wa kwanza huko. Kuanzia hapo mpaka adhuhuri, katika nyumba hii ya mawe ya Tidjikja, mji wa jangwani, hausikiki ila mchakacho wa unga bakulini.

"Kimya hiki bado kinanishinda," anasema Tekber, mwenye miaka hamsini na minne. "Tangu nipate akili sijawahi kukaa na bakuli bila mtoto anayesoma pembeni. Mikono inafanya kazi, lakini masikio yamekosa kazi."

Kuskusi yake ya mkono anaiuza kwa majirani na kwa maduka mawili ya sokoni, ugia sitini, fedha ya nchi yao, kwa kilo. Siku njema humaliza kilo saba, na nusu ya mapato hurudi kwenye unga. Msimu wa kuvuna tende, wageni wanapojaa mjini, hupata mara mbili ya hapo. Miezi ya baridi vidole hupasuka, na zipo siku hawezi kugusa maji kabisa.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Yensarha, wakati mmoja na herufi. Hakumbuki kipi kilitangulia.

Siku hizo familia ilihama na mbuzi na ngamia kutoka kisima hadi kisima. Shule ilikuwa pale Yensarha alipoketi. Asubuhi kila mtoto aliandika somo lake kwenye ubao wa mti, kwa kalamu ya tete na wino wa makaa uliochanganywa na gundi ya mgunga. Alilirudia mpaka jua likapinda. Jioni alilisoma kwa moyo mbele ya mama, naye mama akiwa anakamua, anasokota kuskusi au anashona hema. Hakuna kazi iliyosimama kwa sababu ya masomo, wala somo lililosimama kwa sababu ya kazi.

Akiridhika, Yensarha alisema neno moja tu: "Osha."

"Neno hilo tulilingoja kutwa nzima," anasema Tekber. "Unachukua ubao wako, unauosha kwa maji. Kiganja cha kwanza unakunywa. Yaliyobaki unamwaga shinani mwa mgunga, mahali pasipokanyagwa. Halafu ubao unausimamisha ukauke, watu wote wauone mweupe. Hicho ndicho kilikuwa cheti chetu. Ukilala siku tatu na ubao wenye maandishi, ndugu zako wanakutania mpaka unalia. Kaka yangu waliwahi kumwita Dukani, kwa sababu ubao wake ulikuwa umeandikwa wakati wote kama ukuta wa duka."

Hesabu nazo zilikwenda vivyo hivyo: idadi ya mbuzi, vipimo vya unga, mgao wa maziwa. Iandike, ijue, ioshe.

Ukame ulipomaliza mifugo, familia ilihamia mjini. Hema likawa nyumba, lakini mtindo haukubadilika. Tekber anakadiria kwamba mama yake alifundisha watoto thelathini na mmoja, wake na wa ndugu. Yeye mwenyewe akalea watano kwa njia hiyo hiyo, baadhi yao wakaingia shule walipokuwa wakubwa.

Ghlana aliletwa akiwa na miaka mitano, mama yake, Selekha, alipokwenda Nouadhibou, mji wa bandari, kusafisha pweza kiwandani. Yensarha alikuwa amepita miaka themanini na macho yalikuwa yamekaribia kuzima. Akasema mtoto huyu ni wake.

"Nilimwambia, mama, pumzika, nitamfundisha mimi," anakumbuka Tekber. "Akaniambia, 'Wewe ulikuwa mzito wa kusoma, utamharibu.' Mbele ya wageni, tena wakiwa na glasi za chai mkononi." Anacheka kidogo, kisha anatazama bakuli.

Yensarha alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wamepungua, Ghlana alichukua ubao aliokuwa ameuandika kabla ya kifo, akakaa mbele ya godoro la marehemu na kusoma somo lote kwa sauti. Alipomaliza, akangoja. Wanawake waliokuwa chumbani walijifunika nyuso kwa melhafa, zile shuka wanazojitanda mwili mzima.

"Alikuwa anangoja aambiwe," anasema Tekber. "Nikaona hatainuka hapo. Nikasema, 'Osha.' Akainuka, akaenda kuchota maji."

Ni Ghlana mwenyewe aliyetaka shule. Wakati wa ugonjwa alimwona muuguzi akija kumchoma sindano Yensarha kila asubuhi, naye akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kwa uuguzi hapana budi kuwa na vyeti, na ubao mweupe haupokelewi popote.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, Sidaty, hakumficha kitu Tekber. Shule haiandikishi mtoto atakayetimiza miaka kumi na miwili kabla ya mwaka kwisha katika madarasa ya chini. Ghlana angeitimiza mwezi wa Desemba. Akifaulu mtihani wa Septemba ataingia darasa la sita. Akishindwa, hakuna darasa lingine la kumweka.

Siku ya mtihani, Tekber alikaa barazani pa shule, Ghlana na watoto wengine wanne wakaingia ndani. Kila mmoja alipewa karatasi, na penseli yenye kifutio kichwani. Haikupita saa nzima, Ghlana akatoka wa kwanza, anatabasamu.

"Umeweza?" bibi akamuuliza.

"Yote."

Kisha Mwalimu Sidaty akatokea mlangoni, karatasi mkononi.

"Mama Tekber, huyu mtoto hakuandika kitu."

"Amesema ameweza yote."

"Tazama mwenyewe."

Karatasi ilikuwa na jina lake juu. Chini ya jina, nyeupe.

Mwalimu akainama, akamuuliza Ghlana kwa upole kilichotokea. Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Niliandika, nikasoma mara tatu, nikajua. Nikaosha."

"Umeosha na nini?"

Ghlana akamwonyesha kifutio.

Tekber anasema aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kosa hilo halikuwa la mtoto. Katika miaka sita hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia kwamba kuna maandishi yanayotakiwa kubaki.

Mwalimu Sidaty hakucheka. Naye alilelewa kwa ubao, huko kijijini Rachid. Aliipeleka karatasi dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga, akaanza kusoma michirizo iliyoachwa na penseli. "Hii ni sahihi," alisema taratibu. "Na hii pia. Hii siioni." Akarudi, akaikunja.

"Mimi nimeona, mama. Lakini mkaguzi haji hapa kusoma michirizo. Anataka maandishi. Mlete Alhamisi nimpe mtihani mwingine. Zaidi ya Alhamisi sina uwezo."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Jirani yao Mahjouba, ambaye wanawe wote wamesoma shule, alifika kununua kilo mbili na kukaa mpaka glasi ya tatu ya chai.

"Miaka sita ya kusoma, shoga yangu," alisema, "halafu karatasi nyeupe. Mimi wangu angalau huandika makosa."

"Wako wanaandika makosa kwa sababu ndiyo wanayoyajua," Tekber akamjibu.

"Basi ya kwako yako wapi tuyaone?"

Tekber alimpimia kuskusi yake, akamwongezea konzi moja, akamfungia.

"Mama yangu hakuwepo kujitetea," anasema. "Mtoto akishindwa Alhamisi, watu wangesema yule bibi alikuwa anapoteza muda wa watoto. Watoto thelathini na mmoja. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko darasa lenyewe."

Siku mbili zilizofuata, bibi na mjukuu walijifunza jambo moja tu: kuyaacha maandishi yabaki. Tekber alipasua mifuko ya karatasi ya unga, akampa Ghlana kipande cha mkaa, akamtajia hesabu. Mtoto aliandika, akasoma, na mkono wake ukaanza kutafuta maji.

"Mikono mapajani," bibi aliamuru.

"Bibi, inaniwasha."

"Hata mimi inaniwasha. Mapajani."

Jumatano jioni mifuko kumi na miwili ilikuwa imetandazwa chumbani, yote imejaa namba. Ghlana alilala katikati yake. Anasema hakupenda. "Ilikuwa kama watu wananitazama wote," alimwambia bibi yake asubuhi.

Alhamisi, Mwalimu Sidaty aling'oa kifutio kwenye penseli kwa meno kabla ya kumkabidhi. Safari hii Ghlana alichelewa kuliko mtihani wa kwanza. Alipotoka alikuwa ameshika ncha ya melhafa yake kwa mikono miwili, kama aliyeogopa kuiachia.

Hesabu alipata kumi na saba kati ya ishirini. Imla kumi na moja. Ilitosha. Aliandikishwa darasa la sita siku hiyo hiyo, na Tekber akapita mlangoni kwa Mahjouba akitembea polepole kuliko alivyohitaji.

Mwisho wa Novemba, Ghlana alileta nyumbani daftari lake kumwonyesha bibi. Tekber alilifungua kuanzia mwanzo. Makosa ya wiki ya kwanza yalikuwa bado yapo, na wino mwekundu wa mwalimu juu yake. Somo baada ya somo, mwandiko wa mtoto ulikuwa ukinyooka, na ungeweza kuuona ukinyooka.

"Nilikaa nalo muda mrefu," anasema. "Halafu nikaenda kufungua sanduku la mama."

Sanduku hilo la ngozi lilikuwa halijaguswa tangu msiba. Ndani mlikuwa na funguo, tasbihi, kipande cha kaharabu na fungu la kalamu za tete zenye ncha nyeusi. Mlikuwa na mbao saba za watoto. Alizitoa moja moja na kuzigeuza pande zote mbili, akitafuta mwandiko wa Yensarha, ile mistari ya mfano aliyokuwa akimwandikia mtoto asiyeweza bado kuandika peke yake.

Zote zilikuwa zimeoshwa.

"Zaidi ya miaka arobaini aliandika kila siku," anasema Tekber, "na sina hata herufi moja ya mkono wake. Alikuwa mwalimu mzuri mno. Kila alichokiandika, tulikijua."

Tangu siku hiyo amejiwekea mpango. Kila Jumatano alasiri, wakati ambao zamani watoto waliachiwa wapumzike, bakuli linafunikwa kwa kitambaa. Tekber anasema, Ghlana anaandika, katika daftari la kurasa tisini na sita lililonunuliwa kwa kazi hiyo. Anataja mpangilio wa herufi kama Yensarha alivyoufundisha, nyimbo za kukumbuka miezi, na namna ya kumgundua mtoto anayejifanya amejua. Anataja kwamba Yensarha hakuwahi kumsikiliza mtoto somo kabla hajampa maziwa, na kwamba mzito wa kusoma alikalishwa karibu naye kuliko wengine.

"Mimi nilikuwa nakaa karibu," anasema.

Wamefika ukurasa wa kumi na nne. Tekber anataka daftari liishe kabla ya mavuno ya tende, ukoo utakapokusanyika kwenye mashamba ya mitende. Kati ya wale thelathini na mmoja, ishirini na wawili wako hai. Anakusudia kuwasomea, kila mmoja aongeze anachokumbuka, na Selekha ameahidi kutoa nakala Nouadhibou ili kila nyumba ipate yake. Mwakani, akijaliwa, atawaita watoto wa mtaani wanaotaka kusoma asubuhi kabla ya shule. Mahjouba ameshauliza, kwa sauti ya chini, kama nafasi ya mjukuu wake itakuwepo.

Ukurasa wa tisa una mstari uliokatwa. Siku ile Tekber alisema kwamba mama yake alianza kufundisha mwaka wa ukame mkubwa. Kisha akakumbuka kwamba ilikuwa mwaka mmoja kabla yake, kwa sababu ngamia wa maziwa alikuwa bado hai.

"Futa hapo," alimwambia Ghlana.

"Haifutiki, bibi. Nimeandika kwa kalamu ya wino."

Tekber akainama, akautazama ule mstari wenye kosa, wino wake ukiwa umeshakauka.

"Basi uache," akasema. "Andika ule wa kweli chini yake."