Majani ya Mama wa Wamaza

Enzi za Wabelgiji nilikuwa karani mkalimani katika ofisi ya Kasongo. Siku moja polisi alimleta mama mmoja wa kijiji cha Wamaza na fungu la majani, akasema ni bangi, ile waliyovuta wazee wetu kwa kibuyu hadi serikali ikaikataza.

"Hii iko sombe, majani ya muhogo," mama alisema. "Ni chakula ya watoto."

Mzungu, mkubwa wa ofisi aliyehukumu kesi, aliyanusa majani, kisha akashika kalamu aandike kifungo.

Sikuvumilia. "Bwana, ni sombe kweli. Jani la bangi lina meno pembeni."

Kalamu ilisimama. "Wewe umejulia wapi?"

Mama alirudi Wamaza siku ileile na sombe yake kichwani. Mimi nilirudi nyumbani baada ya wiki mbili za kifungo.