Mavyaa alimeza vidonge vyangu, nikaenda kuchomwa sindano

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, assalaam alaykum.

Mniwie radhi kwa mwandiko na herufi nitakazokosea. Nimeishia la saba, naandika polepole. Mbele ya watu sisemi, ndiyo maana naandika. Yote ni kweli.

Naishi Miburani. Mume wangu alikwenda dago, kambi ya wavuvi, huko Bweni. Msimu ukaisha, wenzake wakarudi, yeye kabaki. Aliogopa nishike mimba mtoto bado ananyonya, adhoofu, watu waseme tumembemenda.

Na mimi nilimkumbuka, jamani! (Naona haya hata kuandika.)

Nikachukua vidonge vya uzazi wa majira, nikavificha kwenye kopo la mchele.

Mavyaa, mamake mume wangu, akaviona. Akadhani ni dawa ya mgongo. Akameza!

Kesho yake kwenye shamba la kijiji analima kama msichana, anatangaza: "Mgongo umenyooka! Mkaza mwanangu ana dawa, mashoga!"

Wakaanza kuniomba na wao. Nilicheka mpaka jembe likanidondoka.

Nikaenda zahanati kueleza, nesi akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwambie mama asimeze tena. Wewe chukua sindano. Miezi mitatu, na hakuna wa kukumezea."

"Na maziwa, dada?"

"Hayakauki. Ila hedhi inaweza kuvurugika, usishtuke."

(Imevurugika kweli. Sishtuki.)

Pale kwenye benchi mmoja alisema vidonge huvisahau. Mwingine, mwenye mawifi wapekuzi, akasema: "Sindano wataipekua wapi?" Benchi zima kicheko.

Nyumbani nikamweleza mavyaa ukweli. Akashika kiuno. "Kumbe nimezuia mimba, na mvi hizi!"

Kisha akamwita dereva wa lori la nazi liendalo Bweni, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mwambie mwanangu arudi! Mkewe kachomwa sindano, mtoto habemendwi!"

Nilijifunika kanga gubigubi.

Barabara ya Bweni mashimo matupu, lakini kesho yake alasiri mume wangu huyo mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kweli?"

"Kweli."

Akamnyanyua mwanawe, akaingia ndani. Hata chai hakuuliza.

Nilichojifunza: kila mwanamke na achague njia inayoendana na nyumba yake, na nyumba yangu ni ya sindano.

Nyinyi mmechagua nini, na kwa nini? Niandikieni. Kusoma nasoma upesi.