Tepu Iliyonigeuka Mbele ya Afisa wa Hataza

Sipendi kuisimulia hii, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Nguvumali wanaijua na kila mmoja anaiongezea chumvi yake, bora niitoe mwenyewe.

Mimi natengeneza tepu za karatasi za kufungia maboksi. Binamu yangu Mwanahawa naye anatengeneza, kule Mabawa, na mwaka jana akaomba hataza, yaani haki ya kwamba uvumbuzi wake ni wake na mwingine asiutumie bila ruhusa. Uvumbuzi wenyewe ni kile kipako cha mgongoni mwa tepu, kinachoifanya ifunguke vizuri badala ya kugandana yenyewe kwa yenyewe. Yeye alikipika kwa nta ya mkonge. Mimi nikaweka pingamizi, nikadai kupaka nta ni jambo la wazi, fundi yeyote angeliwaza, na jambo la wazi halipewi hataza. (Akipewa yeye, mimi nafunga karakana, huo ndio ukweli.)

Ningeishia kwenye maneno pengine ningepona. Asubuhi ya kikao cha kusikiliza pingamizi nikaamua kwenda na ushahidi: nikapaka nta ya nyuki kwenye tepu yangu, nikaiviringa, nikaiweka ndani ya gari, chini ya kioo cha mbele, juani, nikaondoka nimevaa kanzu yangu ya Idi.

Ukumbi ulijaa, hata shangazi, mama yake Mwanahawa, alikuwepo, nikampa shikamoo bila kumtazama usoni. Zamu yangu ilipofika nikasimama mbele ya afisa wa hataza, mama mmoja mpole, nikamwambia aangalie tepu inavyofunguka. Ikafunguka kidogo, kisha ikagoma. Nikavuta. Kumbe nta imeyeyuka na kuzama kwenye karatasi, gundi imehamia mgongoni, tepu sasa inanata pande zote mbili, ikashika mkono wa kanzu, nikiibandua huku inashika kule, ikabeba kitambaa cha meza, ikabeba na karatasi za pingamizi langu, mwisho ikanifika kwenye ndevu. Watu wakacheka, nami kwa hasira nikaropoka:

"Mheshimiwa, hili jambo si rahisi hivyo, tangu mwaka juzi nahangaika nalo, kila nta inanigomea."

Yule afisa akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo kwako halikuwa jambo la wazi?"



"Halikuwa," nikasema.

Mwanahawa akapata hataza yake. Siku ileile alinifuata nje na mafuta ya nazi, akawa ananibandulia tepu kwenye ndevu taratibu, hakucheka hata kidogo, akaniuliza tu, "Kaka, kwa nini hukuja tukazungumza?" Swali lile liliniuma kuliko ndevu.

Karakana haikufungwa, nilienda kumwomba ruhusa ya kutumia kipako chake, akanipa. Ila nimejiapiza: kazi ya mtu sitaiita rahisi tena mpaka niwe nimeiweza mwenyewe, nyumbani kwangu, mlango umefungwa.