Arusi iliyofwata motoka yangu

Leo nilileta arusi ya bantu bengine mu parcelle, kwetu kwa baba.

Musicheke kwanza.

Moteri ya motoka yangu ilianza kufa ku njia ya Kasapa, tukitoka ku misa. Kama inazimika, haiwake tena. Njo niliwasha taa za ma-clignotants zote, nikaenda pole pole nikipiga klaxon, bantu batoke mu njia.

Mama alikuwa pembeni yangu, mu bikwembe bya fête, nguo za sikukuu.

Polisi wa roulage akatufungulia njia. Nikashangaa.

Kuangalia nyuma: motoka tatu za maua, zilipoteza benzao, banatufwata shee na nyimbo, banafikiri njo shee benye arusi.

Kusimama, siwezi.

Ku nyumba, baba akafungua mlango wa portail, amevaa singlet tu, brosse ya meno mu kinywa.

Tantine mumoja wa ile arusi akashuka akicheza. Akamuangalia baba, akauliza mama.

"Mama, bwana-arusi njo huyu?"

"Njo yeye," mama akajibu. "Na eko hivi tangu tuoane."